Altezza RS200 au BMW 320i: lipi lina mbio, lipi linatulia kwenye kona?

Msomaji ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo: "Fundi, nimepata magari mawili yaliyotumika na nimeshindwa kuamua. Moja ni Toyota Altezza RS200 ya 2001 yenye gia sita, jingine ni BMW 320i ya 2002, ile ya kizazi kinachoitwa E46, yenye gia tano. Yote ni gia za mkono. Altezza ina farasi 210, BMW ina 170, lakini kila ninayemuuliza ananiambia BMW ndiyo gari la dereva. Siku za kazi naendesha mjini kwenye foleni, Jumamosi napenda barabara ya mlimani yenye kona nyingi. Lipi lina mbio zaidi, na lipi linashika barabara vizuri zaidi?"

Ndugu yangu, namba zako ni sahihi na ndizo zinazokuchanganya. Farasi 210 za Altezza ni za kweli, ila zinakaa juu sana: injini inazitoa ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Jiulize mara ya mwisho kupeleka sindano ya gari lako huko ilikuwa lini. Wengi tunaoendesha kila siku tunabadili gia kwenye 3,000, tukiwa na haraka tunafika 4,000, na ikilia zaidi ya hapo abiria anaanza kukuangalia kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo kabla ya farasi, tazama nguvu ya kuvuta. Injini ya Altezza, ile 3S-GE ya lita 2 yenye silinda nne, inavuta Nm 216 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuvuta) ikiwa kwenye mizunguko 6,400. Injini ya BMW, M54 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye sentimita za ujazo 2,171, inavuta Nm 210 kwenye mizunguko 3,500. Soma tena hizo mbili. Uvutaji unakaribia kuwa sawa, tofauti ya Nm 6 hutaihisi hata ukifumba macho. Kinachotofautiana ni mahali unapopatikana. Na farasi si kitu kingine ila nguvu ya kuvuta ikizidishwa na kasi ya mzunguko, ndiyo maana injini inayoendelea kuvuta huko juu inaandikiwa farasi wengi, hata kama huku chini imejikunyata.

Barabarani inakuwa hivi. Unatoka kwenye kona ya mlimani, mbele kuna mwinuko, uko gia ya tatu na injini iko kama 2,500. Ukikanyaga mafuta kwenye BMW, inaondoka. Haikurushi, lakini inakusogeza kwa mkono mmoja mrefu usiokatika mpaka karibu na 6,000. Ukifanya hivyohivyo kwenye Altezza utasikia sauti ikibadilika kwanza, mwendo ukifuata baadaye. Ilikuwa inakutaka uwe gia ya pili, sindano iwe zaidi ya 5,000, na mguu usiwe na huruma. Ukiipa hivyo, inageuka kuwa gari jingine kabisa. Kati ya 6,000 na 7,500 ni injini yenye njaa, na giaboksi lake la gia sita limepangwa gia zikiwa karibukaribu ili ukibadili usianguke nje ya eneo hilo.

Nisiionee Altezza. Uzito uko upande wake: RS200 ya gia za mkono ina karibu kilo 1,350, wakati 320i inazidi kilo 1,400. Gawanya uzito kwa farasi, Altezza inabeba kama kilo 6.4 kwa kila farasi, BMW kilo 8 na zaidi. Halafu gia zake fupi zinasaidia kuficha unyonge wa chini, ndiyo maana haijafa kabisa kwenye mizunguko midogo kama maelezo yangu ya juu yanavyoweza kukufanya udhani. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza, bila kuzungusha: dereva anayejua kuitumia injini mpaka juu, akiwa na Altezza nzima, atamwacha mwenye 320i. Dereva huyohuyo akiwa amechoka, yuko kwenye foleni, au ana mama mkwe kwenye kiti cha nyuma, ataona BMW ndiyo yenye nguvu. Mwendo ambao unaupata bila kuutafuta na mwendo ambao lazima uufukuzie ni vitu viwili, na kwenye karatasi havitofautishwi.

Mambo mawili madogo hapa. Kwanza, hakikisha Altezza unayouziwa ni RS200 kweli. Kuna AS200, inafanana nayo kwa nje, ila ndani ina 1G-FE, silinda sita za lita 2 zenye farasi 160. Fungua boneti, soma kibati cha namba: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Nembo ya nyuma usiiamini, inabandikwa na yeyote mwenye gundi. Hata RS200 ya otomatiki si sawa na ya gia za mkono, ilipewa farasi 200. Upande wa BMW, 320i za mwanzo zilikuwa na injini ya farasi 150. Hii ya 2.2 ilikuja 2000, kwa hiyo ya 2002 iko salama kwa hilo.

Pili, mafuta. 3S-GE ya gia za mkono inakandamiza hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1. Ukiitilia petroli ya okteni ndogo, kompyuta yake inasikia mgongano ndani ya silinda na kurudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda. Injini inapona, farasi wako wanapungua. Na kwa kuwa umetaja mlima: injini zote mbili hazina turbo, zitapoteza nguvu kadiri unavyopanda kwa sababu hewa ni nyepesi, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hapo hakuna mshindi.

Sasa kona, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Magari haya yote mawili yalizinduliwa 1998, na yote yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mhandisi mkuu wa Altezza, Nobuaki Katayama, alilenga kutengeneza gari dogo la milango minne la kuchezea, na Wajapani wakalipa tuzo ya gari la mwaka 1998–1999. Wajerumani wao walikuwa wanaendeleza kazi waliyoifanya kwa miaka mingi: uzito ugawanywe karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, hadi betri wakaitia kwenye buti. Altezza nayo injini yake imesukumwa nyuma, kuelekea miguuni mwa dereva. Ukisimama mbele ya boneti lake lililo wazi utaona injini imejificha kule ndani, kama mtu anayekwepa kupigwa picha.

Tofauti kubwa iko kwenye miguu ya mbele. Weka kiganja chako wima juu ya meza, ubavu wa kidole kidogo ukigusa meza. Hilo ndilo tairi. Sasa kilaze kiganja kidogo: sehemu inayogusa meza inahamia ukingoni. Gari linapoingia kona, bodi inalala kuelekea nje na tairi la nje linataka kufanya hivyohivyo, libaki likikanyagia ukingo tu. Altezza ina mikono miwili ya chuma inayoshika kila gurudumu, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini, kwa hiyo sasipensheni ikibonyea, kichwa cha gurudumu kinavutwa ndani na tairi linabaki limelalia barabara kwa upana wake. BMW mbele inatumia strati za MacPherson, ambamo shokapu yenyewe ndiyo mkono wa juu. Mpangilio huo ni mwepesi na hauli nafasi, ila ukibonyea sana haurekebishi mlalo wa tairi kwa ufundi uleule. Nyuma, BMW iko sawa: mikono mingi, kazi nzuri.

Kwenye karatasi, basi, Altezza ingeshinda kona zote. Barabarani haishindi zote. Kwenye kona fupi zinazofuatana, kushoto, kulia, kushoto, Altezza ni tamu. Pua inaingia upesi, uzito mdogo unahama upesi, na ufupi wake unasaidia: kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,670, BMW ina 2,725. Ukikata usukani nusu, jibu linakuja kabla hujamaliza kufikiri. Lakini springi zake ni ngumu na tairi zake za 215/45 za inchi 17 zina ubavu mwembamba, hivyo kona ikiwa na mashimo au mawimbi ya lami, gari linaanza kudundadunda kwenye tairi. Tairi linalodunda, kwa sehemu ya sekunde, halijagusa chini. Hapo mkono wa juu mfupi haukusaidii kitu.

BMW kwenye kona hiyohiyo yenye mawimbi inameza. Inalala zaidi, nakubali, na mtu aliyezoea gari gumu anaweza kuona kama inachelewa. Ila ikishalala imetulia hapo, haiulizi maswali, na usukani wake unakupa uzito mkononi unaoongezeka kadiri tairi linavyobanwa. Kwenye kona ndefu ya mwendo mkubwa, ile unayoishika kwa sekunde nzima kadhaa, mimi naiamini zaidi. Altezza pale inakutaka ufanye marekebisho madogomadogo mkononi, na sauti ya injini haikusaidii kutulia, maana hata gia ya sita inaizungusha juu kuliko unavyotegemea.

Na ukikosea? Umeingia kona na mwendo wa ziada, umeogopa, umeachia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, mkia unabaki mwepesi. Magari yote mawili yatakaza kona zaidi ya ulivyoomba. Altezza inafanya haraka, na kama lami imelowa mkia unaserereka ukiwa bado unatafuta breki. BMW inafanya polepole, unapata muda wa kusema "aah" na kurudisha usukani. Mkia wa Altezza ndio sababu vijana wanaipenda na ndio sababu nyingi unazoziona zimepigwa rangi upya upande mmoja. Angalia hilo pia.

Ila yote niliyoandika mpaka hapa yanahusu magari mawili mapya ya mwaka ule. Hayo unayouziwa yamepita miaka 20. Kitu kinachoamua kona leo ni mpira, na mpira hauandikwi kwenye tangazo.

Niliwahi kuletewa 320i ambayo mwenyewe alisema "inaelea". Alikuwa ametoka kwa fundi mmoja aliyemuuzia shokapu nne mpya, na gari likaendelea kuelea, safari hii kwa gharama zaidi. Nikaliendesha. Lilikuwa sawa mpaka nilipoachia mafuta katikati ya kona. Mkia ukasogea kidogo kulia, kisha ukarudi, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nikalipandisha, nikaingiza mtaimbo kwenye mkono mrefu wa nyuma, pale unapojishikiza kwenye bodi mbele ya gurudumu. Bushi, yaani kile kipande cha mpira kinachoushika mkono kwenye bodi, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mpira ulikuwa umepasuka mduara mzima, chuma kikawa kinaelea katikati. Tulibadilisha bushi mbili tu. Siku hiyohiyo jioni mwenye gari alirudi kuniuliza kama nimegusa na usukani.

Bushi hilo ndilo la kwanza kuangalia kwenye E46. Dalili yake nyingine ni tairi za nyuma kuliwa upande wa ndani. Mbele, angalia bushi kubwa la nyuma ya mkono wa chini, likichoka gari linatetemeka ukifunga breki kutoka mwendo wa 80 au 100, na wengi wanakimbilia kubadili diski za breki bure. Kisha kuna jambo ambalo ukilikuta umalize mazungumzo papo hapo. Fremu ndogo inayobeba difu na mikono ya nyuma imefungwa kwenye sakafu ya bodi kwa sehemu nne, na bati la sakafu hiyo kwenye E46 linajulikana kwa kupasuka kuzunguka sehemu hizo. Lala chini na tochi. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi, au kutu inayotoka mahali ambapo hapakugongwa. Kulikarabati kunawezekana, ila ni kazi ya kushusha ekseli nzima ya nyuma, kuchomelea na kuongeza vyuma, na mchomeleaji awe anajua anachofanya.

Altezza haina ugonjwa huo wa sakafu. Udhaifu wake ni wa mbele: boljointi za chini zinaisha, bushi za mikono ya chini zinaisha, na bushi zinazoshika reki ya usukani zinalainika mpaka usukani unakuwa na usingizi katikati. Tairi la mbele litakuambia. Kata usukani mpaka mwisho, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama. Ukikuta pameisha huku nje bado kuna meno, kuna kitu kimechoka au gari limeshushwa bila kufanyiwa alaimenti. Altezza nyingi zimeshushwa kwa kukata springi. Iliyokatwa springi iache, hata kama mengine yote ni mazuri, kwa sababu ile hesabu ya mikono miwili niliyokueleza inafanya kazi gari likiwa kwenye kimo chake. Ukilishusha sana, mikono inaanza safari ikiwa imeshapinda upande mbaya.

Kwenye injini nitapita haraka. BMW: mfumo wa maji. Tangi dogo la plastiki, mabomba yake na pampu ya maji huchoka kwa umri, na silinda sita zikichemka mara moja kichwa kinapinda. Muulize muuzaji vilibadilishwa lini. Akikujibu "havijawahi kusumbua", hesabu kwamba utabadilisha wewe. M54 pia hupenda kunywa oili mfumo wake wa kupumua ukiziba. Altezza: mkanda wa taimingi, kila kilomita 100,000, na usikubali ushahidi wa mdomo. BMW ina cheni. Kwenye Altezza sikiliza pia giaboksi, hasa kurudi gia ya tatu na ya pili kwa haraka. Ikikwaruza, imeshachezewa Jumamosi nyingi kabla yako.

Nakujibu sasa kwa matumizi yako uliyoandika. Foleni siku tano, mlima siku moja. Mimi ningechukua BMW, si kwa hiyo kauli ya "gari la dereva", ambayo wengi wanaoisema hawajawahi kuendesha Altezza zaidi ya 5,000. Ningeichukua kwa sababu siku tano kati ya sita utakuwa chini ya mizunguko 3,500, na huko ndiko inakoishi, na siku ya sita haitakuaibisha. Ungeniambia mlima ni siku tatu na lami yake ni laini, ningekuambia Altezza bila kupepesa. Na kama sakafu ya nyuma ya hiyo BMW ina ule unywele niliousema, chukua Altezza leo, hata kwa foleni. Utazoea kubadili gia.

Kabla ya kuyajaribu, soma tarehe za tairi. Pembeni ya tairi kuna kiduara chenye tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari moja likiwa na tairi za mwaka jana na jingine likiwa na za miaka minane, hutakuwa unalinganisha magari, utakuwa unalinganisha tairi. Kwenye BMW angalia kama za nyuma ni pana kuliko za mbele, 245 kwa 225. Hilo lilikuwa chaguo la kiwandani, linapendeza machoni, ila linaufanya mkia ung'ang'anie na pua ikatae kona mapema, na farasi 170 hawana haja ya mpira wote huo.

Kisha yaendeshe siku moja, barabara moja, upepo wa tairi umeupima mwenyewe. Tafuta kona moja yenye lami mbaya kidogo, uipite gia ya tatu kwa mwendo uleule mara mbili: mara ya kwanza mguu umetulia kwenye mafuta, mara ya pili uachie taratibu katikati. Madirisha yafunguliwe na redio izimwe. Muuzaji akiwa wa kuongeaongea, mwombe akusubiri pale pale alipoegesha.